Maswali ya Wasomaji: Dekoda, Dishi na Hesabu ya Miaka Miwili

Barua nyingi za mwezi huu zinaulizia dekoda: ipi nunua, ipi acha, na kwa nini iliyonunuliwa haionyeshi vizuri. Tumechagua zinazogusa watu wengi na kuzifupisha. Bei za madukani hubadilika kila promosheni, kwa hiyo pale tunapotaja shilingi ni mfano wa hesabu tu. Weka bei ya dukani kwenu mahali pake.

Nina televisheni ya inchi 32. Dukani Kikuubo nimeonyeshwa dekoda tatu. Moja ni bei ya chini kabisa pamoja na dishi lake, ya pili ghali zaidi nayo ina dishi, ya tatu haina dishi, inatumia antena ndogo. Muuzaji anasema zote ni HD, kwa hiyo zote ni sawa. Ni kweli? – Msomaji, Kawempe

Si kweli, ndugu yetu. Kabla ya kuuliza HD, yaani picha iliyo safi zaidi, uliza mawimbi yanatoka wapi. Dekoda ya antena inapokea mawimbi ya minara ya ardhini. Ya dishi inapokea kutoka setilaiti. Uganda ilianza kuzima analojia mwaka 2015 na minara ikahamia mfumo wa DVB-T2, na GOtv inapita njia hiyo ya antena. DStv na Azam TV zinapita kwenye dishi. StarTimes inauza aina zote mbili, na hapo wengi wanapotea: dekoda yake ya antena haipokei dishi, na ya dishi haipokei antena, hata kama nembo kwenye kasha ni ileile. Soma maandishi madogo nyuma ya kasha. Ukiona T2 ni antena, ukiona S2 ni dishi.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, geuza televisheni yako uangalie kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa DVB-T2, televisheni hiyo tayari ina kipokezi ndani yake. Kwa antena ya UHF iliyoelekezwa mlima wa Kololo, ambao kwako Kawempe ni jirani, utafute chaneli kupitia menyu, utapata UBC na chaneli nyingine za nyumbani zinazorushwa bure bila dekoda yoyote na bila ada. Mtu anayetaka habari na tamthilia za hapa tu hana sababu ya kununua dishi.

Ukishaamua unataka zaidi ya hapo, acha kulinganisha bei ya seti, linganisha gharama ya miaka miwili. Chukua bei ya seti, ongeza malipo ya fundi, ongeza ada ya mwezi mara 24. Tuseme seti A ni 90,000, fundi 30,000, na kifurushi chenye chaneli unazozitaka ni 40,000 kwa mwezi. Jumla ni 1,080,000. Seti B ni 180,000, mara mbili ya A, fundi 30,000, lakini kifurushi kinachokutosha ni 25,000 kwa mwezi. Jumla ni 810,000. Ile iliyoonekana ghali dukani imekuokolea 270,000. Katika mfano wa A, seti na fundi ni karibu shilingi 11 tu katika kila 100 utakazotumia. Ndiyo maana kampuni zinaweza kuuza seti kwa bei ya kutupa: pesa iko kwenye ada.

Fanya hesabu hiyo kwa kifurushi utakacholipia kweli. Kile cha chini kabisa kilichobandikwa kwenye tangazo huenda hakina unachokitafuta. Ligi Kuu ya Uingereza iko SuperSport, ambayo inapatikana DStv na GOtv, ila kifurushi cha chini hakikupi mechi zote. Ligi Kuu ya Tanzania Bara iko Azam. Haki za michezo huuzwa upya kila baada ya misimu kadhaa, kwa hiyo mwombe muuzaji afungue orodha ya chaneli za kifurushi hichohicho, uione jina kwa jina.

Halafu angalia namna ya kulipa. StarTimes ina malipo ya siku na ya wiki pamoja na ya mwezi, jambo linalomfaa anayepata pesa kwa siku, mfano mwendesha bodaboda. Lakini zidisha ada ya siku kwa 30. Ikizidi sana ya mwezi, malipo ya siku yanakufaa tu kama kweli unatazama siku chache. Na kama unachotaka ni mpira peke yake, mtu wa seti A akilipia miezi 5 tu kila mwaka anatumia 520,000 kwa miaka miwili, chini ya B. Hapo muulize muuzaji swali moja zaidi: ada ikiisha, ni chaneli gani zinabaki wazi? Majibu yanatofautiana kati ya kampuni na kampuni, na kwa mlipaji wa msimu jibu hilo lina thamani kubwa kuliko HD.

Kwenye makasha kuna maandishi mengi: DVB-S2, MPEG-4, H.265, PVR, LAN. Yapi yana maana kwa mtu wa kawaida? – Mwalimu, Soroti

Mawili ya kwanza yana maana kwa kila mtu. DVB-S2 ni mfumo mpya wa kurusha kupitia setilaiti. Kwenye nafasi ileile unabeba takriban asilimia 30 zaidi ya DVB-S ya zamani. Kipokezi cha DVB-S peke yake hakisomi S2 kabisa, lakini cha S2 kinasoma vyote viwili. MPEG-4, ambayo pia huandikwa H.264, ni namna ya kubana picha, na chaneli za HD karibu zote zimebanwa hivyo. Kipokezi cha MPEG-2 kikikutana nazo utasikia sauti huku skrini ikiwa nyeusi, au utaona jina la chaneli tu. Vipokezi vya namna hiyo bado vimo sokoni kwa bei ndogo. Viache. H.265 inabana zaidi ya H.264, ukinunua kipokezi huru cha chaneli za bure leo, chagua chenye hiyo ili usilazimike kununua kingine baada ya miaka michache. Kwenye dekoda ya kampuni ya kulipia usihangaike na hilo, kwa kuwa kampuni inarusha kile ambacho dekoda zake zinasoma.

PVR ni kurekodi. Kuna dekoda zenye hadidiski ndani, kama Explora ya DStv, na kuna zinazorekodi kwenye fleshi ya USB. Cha kuuliza ni tyuna, yaani sehemu za ndani zinazonasa chaneli, ziko ngapi. Yenye tyuna moja haiwezi kurekodi chaneli moja huku unatazama nyingine popote utakapo. Yenye tyuna mbili au tatu inaweza, lakini inahitaji LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) inayoweza kuzihudumia, na hiyo ni pesa nyingine ambayo muuzaji huitaja baada ya kupokea malipo. LAN, tundu la waya wa mtandao, inakufaa kama nyumbani una intaneti. Kama huna, usiilipie.

Kuhusu HD yenyewe: faida yake inaonekana kwa waya wa HDMI. Ukitumia waya wa AV wenye vichwa vitatu, wa njano, mwekundu na mweupe, picha inashuka hadi SD, ile ya kawaida, hata kama unalipia HD. Wenye televisheni za zamani zisizo na HDMI wahakikishe dekoda ina tundu la AV. Dekoda ndogo za siku hizi zina tundu moja dogo kama la spika za masikioni, na waya wake una kichwa chenye pete tatu. Waya hizo hazifanani kwa mpangilio wa ndani. Ukinunua ya barabarani ukapata skrini nyeusi na mngurumo kwenye spika, usirudishe dekoda. Chomeka kichwa chekundu kwenye tundu la njano, kisha ujaribu cheupe. Mara nyingi picha inatokea kwa mojawapo.

Nina dishi la DStv la sentimita 80 ambalo sitalipia tena. Nataka kutumia dishi hilohilo kwa dekoda ya Azam. Fundi anasema lazima ninunue dishi jipya. Ananidanganya? – Mfanyabiashara, Gulu

Dishi lenyewe ni bati tu, halijui kampuni. LNB ya kawaida ya Ku (masafa ya madishi madogo ya nyumbani), ile iliyoandikwa 9750/10600, pia inafaa zote mbili kama ina afya. Kinachobadilika ni upande wa kuangalia, na hapa Uganda mabadiliko hayo ni makubwa, ndiyo maana fundi mvivu hupendelea kuuza dishi jipya lenye bano lake, yaani kishikio cha kulifunga kwenye nguzo.

Setilaiti ya DStv kwa upande wetu iko digrii 36 mashariki, na sisi tuko kati ya digrii 30 na 35. Maana yake iko karibu utosini. Kutoka Kampala mwinuko wake ni digrii 86 hivi, na kutoka Gulu ni karibu 85. Dishi la DStv hapa linaonekana kama linalala chali. Kwa kuwa madishi haya hupokea kwa mshazari, uso wake huonekana umeinuka kama digrii 60 tu, lakini boriti, yaani mstari ambao dishi linatazama, inakwenda juu moja kwa moja. Setilaiti ya Azam iko digrii 7 mashariki, yaani magharibi yetu. Mwinuko wake ni karibu 60 na upande ni magharibi kabisa, karibu 270 kwenye dira ukiwa Kampala. Kwako Gulu ni chini kidogo ya hapo, kama 264.

Kwa hiyo dishi linageuzwa, halinunuliwi. Kazi inakwenda hivi.

Kwanza hakikisha nguzo imesimama wima kwa pima maji, pande mbili. Hapa tunasisitiza kuliko mahali pengine popote. Mafundi wengi walipofunga la digrii 86 waliona kipimo kwenye bano hakifiki huko, wakainamisha nguzo yenyewe. Nguzo hiyo ikiachwa imeinama, namba zote za mwinuko kwenye bano ni uongo. Inyooshe, kisha weka mwinuko 60 na kaza nati nusu, kiasi cha dishi kubaki lilipo lakini likubali kusukumwa.

Washa dekoda, fungua ukurasa wa mawimbi. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu inapanda hata dishi likitazama mti, kwa sababu LNB inatoa kelele yake yenyewe ya umeme. Fuata ubora tu. Geuza dishi polepole kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-magharibi, kidogo, kisha subiri sekunde 3 hadi 5, maana dekoda inachelewa kujibu. Kwenye bomba la milimita 50, kuzungusha bano kwa milimita 2 ni digrii 4 na nusu za dira. Kwa mwinuko wa 60 boriti inahama zaidi ya digrii 2. Dishi la sentimita 80 linaona upana wa digrii 2 na kidogo tu. Yaani milimita 2 zinatosha kuruka setilaiti nzima bila kuiona. Anayezungusha dishi kwa nguvu kama usukani wa lori atashinda juani hadi jioni.

Kwa dishi la DStv mambo ni kinyume. Kwa kuwa linatazama utosini, ukikosea dira kwa digrii 10 boriti inahama chini ya digrii 1. Lakini kosa la mwinuko halisamehewi. Upande wa dira nao unatofautiana sana mji kwa mji: karibu 95 Kampala, 127 Gulu, 84 Mbarara. Fundi aliyezoea Kampala akifika Gulu na namba ya Kampala atahitaji kurekebisha.

Ubora ukishatokea, piga alama kwa kalamu kwenye nguzo, sogeza kushoto hadi ushuke, kulia hadi ushuke, weka katikati. Fanya vivyo hivyo kwa mwinuko. Mwisho geuza LNB ndani ya mshikio wake. Karibu na ikweta LNB hukaa karibu robo mzunguko tofauti na michoro ya kwenye vitabu vya nchi za kaskazini, kwa hiyo tundu la waya linaweza kuishia upande wa kushoto au kulia badala ya chini. Usiogope mkao huo. Fuata ubora. Kaza nati zote kwa zamu, ukitazama skrini, maana nati ya mwisho ndiyo inayovuta dishi.

Na ukitaka DStv na Azam kwa pamoja, hapo fundi ana haki: setilaiti hizo zimepishana digrii 29, na dishi moja la kawaida haliwezi kubeba LNB mbili kwa umbali huo. Unahitaji madishi mawili.

Mvua ikianza tu, skrini inaandika E48-32. Jirani yangu ana dekoda kama yangu na yake inakatika mvua ikiwa kubwa sana tu. Nibadilishe dekoda? – Mama wa nyumba, Entebbe

Mama, usibadilishe. E48-32 inamaanisha dekoda haioni mawimbi. Ungeona E16, tatizo lingekuwa malipo au kifurushi, na hilo linatatuliwa kwa simu. Mawimbi ya Ku yana urefu wa sentimita 2 na nusu hivi na matone makubwa yanayameza, kwa hiyo radi na mvua za Ziwa Viktoria zitamkata kila mtu kwa dakika kadhaa. Lakini wewe unakatika mapema kuliko jirani, maana yake akiba yako ya ubora wa mawimbi ni ndogo. Kitu kinakula ubora hata siku ya jua, na mvua inamalizia tu.

Soma ubora siku ya jua kali na uandike. Kisha anza na koneta iliyo nyuma ya LNB, kwa sababu makosa mengi yapo hapo. Kwa dishi linalotazama juu kama yetu, LNB inakaa na mgongo ukielekea mvua, na maji yanaingia kwenye koneta kwa urahisi. Ifungue. Ukiona waya wa kati umegeuka kijani au mweusi, au karatasi ya fedha imelowa, kata sentimita 20 hadi 30 za waya, kwa kuwa maji hupanda ndani ya matundu ya povu, na uanze upya. Menya, acha waya wa kati utokeze milimita 2 au 3 nje ya koneta, hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa wavu unaogusa waya wa kati. Fungia kwa utepe wa mpira unaojishika wenyewe. Utepe wa kawaida wa umeme unaachia gundi juani. Kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo chini kama kitanzi ili maji yadondoke badala ya kufuata waya hadi ndani ya dekoda.

Halafu angalia waya wenyewe. Uwe RG6. Unameza takriban desibeli 30 kwa kila mita 100 kwenye masafa ya juu, hivyo mita 30 si tatizo, lakini waya mwembamba wa antena za zamani unameza zaidi. Waya wa bei rahisi una chuma katikati kilichopakwa shaba. Kukwarua kwa kisu kunaonyesha weupe chini ya wekundu. Unapitisha mawimbi vizuri lakini unapunguza umeme. Dekoda inaipa LNB volti 13 kwa chaneli za wima na 18 kwa za mlalo. Waya mrefu wa chuma ukishusha 18 karibu na 14, LNB inadhani umeomba za wima. Dalili yake ni rahisi kuitambua: nusu ya chaneli zipo imara, nusu hazipo kabisa, siku zote, bila mvua. Ukiona hivyo, waya au koneta ndiyo ya kulaumiwa.

Kama yote hayo ni mazuri, rudia kulenga dishi. Ukishindwa, ndipo ufikirie dishi la sentimita 90. Na radi ikinguruma chomoa plagi ya umeme pamoja na waya wa dishi. Kuzima kwa rimoti hakulindi kitu.

Huku kwetu hatuna umeme wa gridi. Ninataka dekoda na televisheni kwa sola. Nihitaji paneli gani? – Msomaji, nje ya Arua

Chagua dekoda inayotumia adapta ya nje iliyoandikwa 12V. Zile zenye waya wa 240V unaoingia moja kwa moja zinakulazimisha kununua inveta, nayo inakula umeme bure hata ukiwa hutazami. Adapta ikiandikwa 12V 1A, dekoda pamoja na LNB haizidi wati 12. Ongeza televisheni ya 12V ya inchi 24, tuseme wati 25. Jumla 37. Ukitazama saa 5 kwa siku ni wati-saa 185.

Betri ya 12V 50Ah ina wati-saa 600, na ya risasi usiitumie zaidi ya nusu, hivyo una 300. Inatosha siku moja na nusu. Paneli ya wati 80, ukihesabu saa 4 na nusu za jua zuri na upotevu wa theluthi moja hivi, inarudisha karibu 240. Ukiongeza taa na kuchaji simu, panda hadi wati 120.

Jambo moja linaloua dekoda za sola: betri ikiwa inachajiwa volti hufika 14.4, na dekoda iliyoandikwa 12V haikuahidi kuvumilia hizo. Weka regyuleta ya kutoa 12 kamili kati ya betri na dekoda. Ukiona dekoda inajiwasha upya usiku hasa unapohamia chaneli fulani, pima betri. Ikishuka karibu na 11, dekoda inashindwa kutengeneza zile volti 18 za LNB.

Kuna mtu Masaka anauza kipokezi chenye "seva", anasema chaneli zote za kulipia zitafunguka mwaka mzima kwa malipo mara moja. Je, ni cha kuaminika? – Kijana, Masaka

Hapana. Chaneli hizo zimefungwa kwa funguo zinazobadilishwa takriban kila sekunde 10. Kipokezi chako kinaletewa funguo hizo kwa intaneti kutoka kwenye kadi ya mtu mwingine. Intaneti ikichelewa, picha inaganda. Kadi ikikamatwa na kufungwa, unabaki na kasha tupu na muuzaji amezima simu. Tena ni wizi wa kazi za watu, na Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya mwaka 2006 inakuhusu wewe pamoja na muuzaji.

Kipokezi huru cha chaneli za bure ni kitu tofauti na ni halali. Lakini jua unachopata. Chaneli zetu za nyumbani ni rahisi kuzipata kwa antena ya T2, na kwa dishi utapata zaidi za dini, habari za kimataifa na televisheni za nchi nyingine, nyingi zikiwa bendi ya C, ambayo inataka dishi la mita 1.8 au zaidi na LNB nyingine iliyoandikwa 5150. Kuna vipokezi vyenye T2 na S2 katika kasha moja. Hivyo ndivyo tunavyovipenda kwa mtu asiyetaka ada.

Nina kibanda cha mpira. Naweza kutumia dekoda ya nyumbani? – Mwenye kibanda, Kasese

Mkataba wa nyumbani hauruhusu kuonyesha kwa watu wanaolipa. Kampuni zina mikataba ya biashara, na ada yake ni tofauti. Ingiza ada hiyo kwenye hesabu kabla ya kupanga kiingilio, sio baada ya kufungiwa siku ya fainali.

Nimepewa bei nzuri ya dekoda iliyotumika. Nichunguze nini? – Msomaji, Busia

Andika namba ya kadi na namba ya dekoda, kisha piga simu kampuni, au fungua programu yao ya simu, ukiwa bado na muuzaji mbele yako. Uliza mambo matatu: ina deni, imesajiliwa kwa jina la nani, na imesajiliwa nchi gani. Hapo Busia hilo la tatu lina uzito. Dekoda iliyosajiliwa Kenya inalipiwa kwa akaunti ya Kenya, na kuihamishia Uganda si jambo la duka la mpakani kuamua. Muuzaji akubali kuhamisha umiliki kabla ya pesa kutoka mkononi mwako au kwenye simu yako.

Kisha iwashe kwa angalau dakika 30. Adapta iliyochoka huonekana ikipata moto. Bonyeza kila kitufe cha rimoti, chomeka HDMI na uitikise kidogo, chomoa kadi na uirudishe. Tundu la waya wa dishi lisicheze. Likicheza, risasi ya kulehemu ya ndani imepasuka na siku moja litakufia wakati wa mvua, utadhani ni dishi.

Mwezi wa Machi, mchana wa jua kali bila wingu lolote, picha iliganda dakika kadhaa kwa siku kama nne mfululizo, karibu na saa saba. Kisha ikaacha yenyewe. Nini hiyo? – Mzee, Bombo

Mzee wetu, shikamoo. Hilo ni jua lenyewe. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, tarehe 20 Machi na tarehe 22 au 23 Septemba hivi, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti ukitazama kutoka kwenye dishi lako. Jua nalo linatoa mawimbi, na yanafunika yale ya setilaiti. Ukifungua ukurasa wa mawimbi wakati huo utaona nguvu imepanda huku ubora umeanguka. Kwa dishi la digrii 36 (la DStv), kama lako linavyoelekea kuwa, hutokea kati ya saa 6:25 na 6:45 mchana. La Azam hupatwa karibu saa 9 kasoro dakika 10 mchana. Haizidi kama dakika 10, hudumu siku chache kila upande wa tarehe hizo. Usimwite fundi, na usiguse dishi.